Wingu la Kuanulia Nguo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa anga.

Miaka sita nimekuwa nikichora majiko kwa kompyuta, majiko ya nyumba ambazo hazijajengwa, ili wauzaji wapate picha ya kuwaonyesha wanunuzi. Naujua mng'aro wa bomba la sinki kuliko ninavyoujua uso wangu. Leo asubuhi bosi ameniita mezani kwake. Sisi humwita Bwana Sawa, kwa kuwa neno hilo ndilo linalofungua na kufunga kila anachosema.

"Sawa. Chuo cha urubani kimetupa kazi. Wana chumba cha mazoezi, kiti cha rubani na skrini tatu kubwa mbele yake. Wanataka anga la msimu wa mvua ambalo mwanafunzi ataruka ndani yake. Fundi Miti atatengeneza ardhi. Wewe chukua mawingu. Sawa?"

Nikasema sawa kabla hajabadili mawazo. Mwalimu wa marubani, Kapteni, atakuja kukagua mara tatu, na mara ya mwisho ni tarehe kumi na saba Mei. Akikataa mara ya tatu, kazi inakwenda kwa watu wengine na mimi narudi kwenye masinki. Nimenunua daftari hili njiani. Kila siku nitaandika nilichokiona juu.

Na nyumbani nina bahati ambayo hakuna mchoraji mwingine aliye nayo. Mama alikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege kwa miaka thelathini na moja. Kila saa alitoka nje, akainua uso, akaandika: mawingu ya aina gani, yamefunika kiasi gani, yako futi ngapi juu. Amestaafu, ila shingo yake haijastaafu. Tunaishi wawili, ghorofa ya tatu, na roshani yetu ndiyo inayotabiria jengo zima. Mama akianua nguo, kila mtu anaanua. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza ana msemo wake: "Kwa wenzetu dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu sisi ni Mama Mawingu na beseni lake."

Nilipompa habari, Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mawingu ya kompyuta," akasema. "Basi na mvua yake itanyesha kwenye waya." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Jumatano, 6 Machi

Wingu la kwanza. Fundi Miti, mwenzangu wa ofisini, amelitazama akaniuliza koliflawa hii nauza bei gani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja na kompyuta nyumbani nimwonyeshe Mama. Kabla ya hapo nilisimama roshani nusu saa nikiyatazama mawingu ya kweli. Yalikuwa meupe, yamerundikana, na juu kingo zake zilikuwa kali kabisa, nyeupe inakoma na bluu inaanza. Ndivyo nilivyolitengeneza langu.

Mama alivuta kiti karibu na skrini, pua ikakaribia kugusa kioo.

"Limekatwa kwa mkasi hili," akasema. "Lilainishe. Wingu halina ukingo, mwanangu. Linaanza kabla hujaliona."

Niliduwaa. Nimechora miaka sita na sijawahi kusikia mtu akisema kitu kizuri namna hiyo. Ni kweli nilichokiona roshani kilikuwa tofauti, lakini mimi ni nani? Mimi nimetazama masinki miaka sita, yeye ametazama juu miaka thelathini na moja. Nimezilainisha kingo zote.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imetunyeshea nguo. Na si zetu tu, za jengo zima. Saa sita mchana Mama alikaa roshani, akasema hakuna kitu, na watu wote wakaacha nguo kwenye kamba. Saa saba ikamwagika.

Fundi cherehani alipanda ngazi akiwa na suti ya mteja inachuruzika. "Mama Mawingu, leo umetuuza."

"Hiyo ilikuwa mvua ya wizi," Mama akamjibu. "Mwizi hapigi hodi."

Wote tulicheka, Mama hakucheka. Alikamua mashuka kwa hasira kama vile yenyewe ndiyo yaliyomdanganya.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Nimelainisha.

Jumanne, 19 Machi

Tumepata utaratibu. Mimi nafanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, pazia limefungwa ili skrini isimeremete. Mama anakaa roshani na kunitangazia anga kama alivyokuwa akiwatangazia marubani. Anga lote ni nane. Mawingu yakifunika robo, ni mbili kwa nane, yakijaa kote, ni nane kwa nane. Ana majina yake pia: mafungu, yale yaliyorundikana, shuka, lile linalotanda bila umbo, na fuawe, wingu kubwa la radi ambalo kichwa chake kimelala bapa kama chuma cha mhunzi.

"Shuka leo," akaita. "Nane kwa nane. Halina mwanzo wala mwisho."

Nikatengeneza shuka, nane kwa nane. Nilipotoka kwenda dukani saa tisa nikakuta mafungu safi na bluu tele katikati. Nikajiambia anga hubadilika upesi.

Ijumaa, 22 Machi

Kapteni amekuja. Ni mzee mfupi, shati lake limepigwa pasi mpaka linatisha, na hasalimii mara mbili. Amekaa kwenye kiti, amewasha, akaruka ndani ya anga langu dakika nne. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Hili si anga," akasema. "Huu ni moshi wa kuni."

Bwana Sawa akasema sawa. Mimi nikauliza tatizo ni nini hasa.

"Ukingo uko wapi? Wingu kwangu ni ukuta. Nauona, naamua mapema, nazunguka. Hapa siamui kitu, nimeshaingia ndani na sijui niliingia lini. Nikimfundisha mwanafunzi kwenye hili, atadhani wingu ni kitu cha kupenya taratibu kama pazia. Siku ya kweli ataniulia abiria."

Nimerudi nyumbani nimefura. Mama akaniwekea chakula, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Marubani! Wao wanapita tu, wana haraka. Mimi nimekaa na mawingu. Usimsikilize."

Sikumsikiliza. Nilifurahi sana Mama kuwa upande wangu, sikumbuki lini mara ya mwisho alipousifu mkono wangu.

Jumatano, 27 Machi

Nimejaribu kuridhisha pande zote mbili. Nimezinoa kingo nusu. Mama kasema bado kali. Nimepunguza.

Jumamosi, 30 Machi

Nguo zimelowa tena. Safari hii fundi cherehani hakupanda ngazi kulalamika. Nimemkuta chini amesimama mlangoni kwake anaangalia utabiri kwenye simu, na aliponiona aliificha mfukoni. Iliniuma kuliko kama angetutukana.

Alhamisi, 4 Aprili

Ukaguzi wa pili. Kapteni ameruka dakika mbili tu, akavua kofia na kuiweka magotini.

"Ni ukungu uleule umepunguzwa kijiko kimoja," akasema.

Bwana Sawa akasema "sawa" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya mtu anayefunga mlango polepole. Nikaona masinki yananisubiri kwenye foleni, moja baada ya jingine.

Kapteni hakuinuka. Aligeuza kiti akanitazama.

"Binti, nani amekufundisha kutazama mawingu?"

Nikamwambia. Nikamtajia kiwanja cha ndege na miaka ya Mama. Uso wake ukabadilika, akakaa wima.

"Yule mama? Nilianza kuruka nikiwa kijana, sauti yake ndiyo iliyotushusha. Akisema vitako vya mawingu viko futi elfu mbili, ni elfu mbili, si elfu moja mia tisa. Siku moja alinizuia chini kwa sababu ya wingu ambalo sote hatukuliona. Baada ya dakika ishirini likatufikia." Akavaa kofia yake. "Mtu yule hawezi kukwambia haya. Si kwa macho yale."

Akaondoka. Nilibaki na neno hilo la mwisho. Nimelibeba mpaka nyumbani na sasa naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Kapteni hakunikosea adabu. Ila nimeanza kuhesabu vitu: pua kwenye kioo cha skrini, nguo zilizolowa mara mbili, shuka nane kwa nane siku yenye jua. Chumvi iliyoingia kwenye chai wiki iliyopita, tukacheka.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikwenda kazini. Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi anga lilikuwa zuri kupindukia. Mafungu matatu makubwa juu ya paa za mbele, na bluu imeoshwa na mvua ya jana. Nilimkuta Mama roshani kwenye kiti chake. Nikasimama kando yake.

"Leo vipi, Mama?"

"Shuka," akasema bila kusita. "Nane kwa nane. Ukungu kidogo."

Nikatazama jengo la mbele, roshani ya pili, ambako mtu alikuwa ameanika kanga moja nyekundu.

"Na yule jirani wa mbele kaanika nini?"

Akakaza macho. Kisha akasema, "Nguo."

"Ya rangi gani?"

"We mtoto umekuja kunitahini?"

"Rangi gani, Mama?"

Alinyoosha mkono akaitafuta meza ndogo, akaigusa, akauweka mkono pale kana kwamba ndipo alipokuwa anauelekeza tangu mwanzo. Niliona jinsi alivyolifanya hilo kwa ustadi, nikajua kwamba amelifanya mara nyingi.

Nikaingia ndani nikachukua daftari lake la vipimo. Anaandika kila siku saa tatu na saa tisa, ingawa hakuna anayemwomba. Mpaka Oktoba maandishi yamenyooka: mafungu, tatu kwa nane, kitako elfu mbili mia tano. Kuanzia Novemba mistari inapanda juu ya mistari. Na kila siku ni kitu kimoja. Shuka, nane kwa nane. Shuka, nane kwa nane. Kurasa kumi na nne. Macho hayana pazia, ndivyo wanavyosema watu. Ya Mama yalikuwa nalo, na mimi nilikuwa nachora pazia hilo kwa wiki nne na kuliita wingu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Taa zilianza kuota manyoya," akasema. "Halafu nyuso. Wewe mwenyewe nakujua kwa hatua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Macho ndiyo kazi yangu. Nikisema hayaoni, nabaki nani? Bibi wa kuanika nguo." Akaipangusa ile meza kwa kiganja. "Na wewe ulikuja na kompyuta yako unaniuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu mtu ananiuliza. Nilikwambia nilichokuwa nakiona. Sikukudanganya."

Nikalia. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia amenipotezea kazi, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisubiri nimalize.

"Sawa," akasema. "Na wewe una macho mawili mazima. Ulikuwa unayafanyia nini?"

Siku ile ya kwanza niliuona ukingo. Niliuona kwa macho yangu, nikaufuta.

Jumamosi, 6 Aprili

Hatusemezani. Mama kaosha vyombo kwa kelele za kutosha watu watatu.

Jumanne, 9 Aprili

Daktari wa macho ni msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu. Amemulika, ametazama, amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji. Watafanya jicho moja kwanza, tarehe ishirini na tano, la pili baada ya miezi miwili.

"Ataona kama zamani?" nikauliza.

"Jicho lenyewe ni zima huko nyuma. Kilichoziba ni kioo cha mbele tu, tunakitoa tunaweka kingine."

Mama akauliza swali moja. "Nitaona ukingo?"

"Ukingo wa nini, mama?"

"Wa chochote, mwanangu. Tutaanza na wowote."

Kwenye ngazi za hospitali alinishika mkono bila kuniomba. Hajawahi.

Ijumaa, 12 Aprili

Bado nina ukaguzi mmoja. Nimefuta kazi yote ya Machi. Fundi Miti aliponiona nafuta alikuja mbio akidhani kompyuta imeharibika.

Mama amepata utaratibu mpya, na ni yeye aliyeupanga. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha roshani. Yeye anakaa ndani, uso ukutani, na kuniuliza.

"Usiniambie ni zuri. Kata anga vipande vinane. Vingapi vimejaa?"

"Vitatu."

"Sasa usitazame vichwa, kila mjinga hutazama vichwa. Tazama vitako. Viko wapi?"

Nikatazama. Nilinyoosha mkono na kukunja ngumi mbele ya upeo kama alivyonielekeza. Kisha nikauacha mkono hewani, maana nilikuwa nimeona kitu ambacho kimekuwa juu ya kichwa changu maisha yangu yote.

"Mama, viko sawa. Vyote. Kama vimewekwa juu ya meza moja ya kioo."

"Enhe." Nilisikia anatabasamu. "Hewa inapanda, inapoa, ikifika kimo fulani inageuka wingu. Kimo ni kimoja kwa siku hiyo, kwa mawingu yote ya mafungu. Ya kwako yakoje?"

Yangu yalikuwa yameelea ovyo, kila moja na kimo chake, kama maputo yaliyomponyoka mtoto. Kwenye programu nilikuwa naiachia kompyuta imwage mawingu inavyotaka, halafu nayapenda yale yaliyotokea. Leo nimechora meza ya kioo kwanza, futi elfu mbili mia tano. Kisha nikayaotesha mawingu kutoka mezani kwenda juu. Picha ikabadilika palepale, ikawa na mahali.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua siku nzima. Nimefanya mwanga. Jua likiwa nyuma ya wingu, ukingo unawaka na tumbo linakuwa jeusi. Likiwa nyuma yako, wingu lote ni jeupe na limekaa kama godoro. Nilipomsimulia, Mama kasema niache kuyapaka mawingu weupe kote kama bibi harusi.

Jumamosi, 20 Aprili

"Kingo vipi?" "Kali, Mama." "Ziache kali."

Alhamisi, 25 Aprili

Wamemwingiza saa tatu. Korido ina mabenchi ya chuma na dirisha moja la juu. Kupitia dirisha hilo nilihesabu tano kwa nane, vitako vya chini, na wingu moja lilikuwa linachipua kichwa upande wa kulia. Ni ajabu jinsi kuhesabu kunavyotuliza. Nadhani ndiyo sababu aliipenda kazi ile.

Kabla ya kuingia alininong'oneza, "Wakiharibu, usimruhusu fundi cherehani anipe pole."

Ametoka saa nne na nusu, jicho limefunikwa, ananung'unika njaa.

Ijumaa, 26 Aprili

Muuguzi ameondoa kifuniko. Mama akapepesa, akapepesa tena. Akanitazama, mimi nikiwa nimesimama mbele yake nimeshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Umekonda," akasema. "Na hiyo blauzi nani kakuruhusu utoke nayo?"

Nilicheka mpaka muuguzi akaniletea maji, kwa kuwa machozi nayo yalikuwa yanatoka. Mama alikuwa ameshanipita. Alikwenda dirishani, akashika chuma cha dirisha, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kumbe bluu bado ipo," akasema.

Muuguzi akamwambia asilie, jicho halijapona. Mama akajifuta shavu kwa kiganja, akanyoosha shingo, na sauti yake ikawa ile ya kazini, ambayo Kapteni aliisikia akiwa kijana.

"Mafungu. Nne kwa nane. Vitako futi elfu mbili." Akageuka. "Andika, mbona umesimama?"

Ijumaa, 3 Mei

Nilitaka kumwonyesha Mama anga langu. Amekataa.

"Sitaki kukutia doa mara ya pili. Malizia kwa macho yako. Rubani akisema ndiyo, nitatazama. Akisema hapana, nitatazama vilevile."

Jioni nilimkuta anaandika kwenye daftari lake la vipimo. Nilidhani atazichana zile kurasa kumi na nne. Hakugusa hata mstari. Ameandika chini yake, kwa mkono ulionyooka: *Kuanzia Novemba hadi Aprili mpimaji alikuwa haoni. Vipimo hivi visitumike.* Akatia saini na tarehe.

Nimekaa na ukurasa ule kwa muda. Mwezi uliopita nilimwonea huruma, na kabla ya hapo nilimwogopa kidogo. Leo nataka kufanana naye.

Jumatano, 8 Mei

Mama ameanua saa tano, mvua imenyesha saa sita. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyeanua naye. Wengine wamelowa.

Jumatatu, 13 Mei

Fuawe linanitoa jasho. Kichwa kinakaa, ila likikua linakua kwa pupa kama maziwa yanayochemka. Nimelipunguza kasi mara nne.

Jumanne, 14 Mei

Mara ya tano.

Ijumaa, 17 Mei

Kapteni amekuja saa tatu kasoro dakika tano. Amekaa, amewasha. Fundi Miti alikuwa amesimama kando yangu anatafuna kalamu.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili lilitokea fungu kubwa mbele yake, kushoto kidogo, nikaona mkono wake unasogeza usukani kabla hajasema lolote. Akalizunguka. Na mwili wake mzima, kwenye kiti ambacho hakiendi popote, ukainama upande wa mzunguko. Fundi Miti akanikanyaga mguu.

Aliruka dakika kumi na tisa. Mwishoni nilikuwa nimemwekea fuawe mbali kwenye upeo, linakua polepole, likiwa na kivuli cha mvua chini yake. Alilitazama kwa muda. Akageuza ndege, akarudi alikotoka, akatua.

"Mbona umerudi?" Bwana Sawa akauliza. "Umebakiza nusu ya anga."

"Kwa wingu lile? Nimerudi kwa sababu nina mke na watoto." Akavua kofia. "Hili nalichukua. Na nitakuwa nalitumia kuwafundisha kurudi. Kuruka kila mtu anajifunza."

Bwana Sawa akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema sawa. Alinishika mkono. Kapteni akaniachia karatasi iliyokunjwa nimpelekee Mama. Mama ameisoma mwenyewe, bila miwani, akaiweka ndani ya daftari lake. Hajaniambia imeandikwa nini na sikumuuliza.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Leo kulikuwa na jua la kufulia, na jengo zima lilifua. Kila roshani ilikuwa imejaa.

Mama alimaliza kuanika, akakausha mikono, akakaa. "Haya, nionyeshe."

Nimeweka kompyuta mezani na kufunga pazia. Safari hii hakuvuta kiti, alikaa mbali kama mtu anayetazama dirisha. Nikawasha. Mafungu yakapita, vitako vimelala kwenye meza yake ya kioo, kingo zinawaka. Nilikuwa namtazama yeye, si skrini, na nakiri nilikuwa naogopa kuliko siku ya Kapteni.

Likaja fuawe. Likachipua upande wa kulia, kichwa kikatanuka kikalala bapa, tumbo likaingia giza, na chini yake mvua ikaanza kushuka kama nyuzi. Midomo ya Mama ilikuwa inahesabu. Sita kwa nane. Saba.

Akasimama. Akachukua beseni kando ya mlango, akafungua pazia kidogo akatoka roshani. Nilisikia vibanio vikidondoka ndani ya beseni, haraka haraka. Nilidhani amekumbuka kitu. Nilipochungulia nikaona anaanua. Mashuka, mataulo, blauzi yangu anayoichukia, vyote vinachuruzika.

Ghorofa ya kwanza, fundi cherehani alikuwa ameinua uso. Hakutazama juu angani, alimtazama Mama. Akaanza kuanua. Mwenye kanga nyekundu wa jengo la mbele akaona, naye akaanua. Halafu ghorofa ya nne, halafu ya pili. Kwa dakika mbili nzima, chini ya jua kali, watu wazima walikuwa wanakimbizana na kamba.

Mama alirudi mlangoni amekumbatia beseni. Akatazama skrini. Akageuza shingo akatazama nje, bluu tupu, sifuri kwa nane. Akatazama skrini tena.

"Mama Mawingu!" fundi cherehani aliita kutoka chini, mashati yamemjaa kifuani. "Mvua iko wapi?"

Mama akainama juu ya ukingo wa roshani.

"Iko humu ndani!" akamjibu, na sauti yake ilifika majengo yote. "Kaitengeneza mwanangu!"

Kisha akanitupia vibanio, tukaanza kuanika upya.